Gauni Lisilokuenea

Kambi ya Mkonge,
Korogwe

Kwa mke wangu Mama Sara,

Kamwene. Nakusalimu kwa salamu ya kwetu kwanza, maana huku nikiitoa watu hudhani nimekosea jina la mtu. U hali gani? Na mara hii nakuomba usinijibu "mzima" kama unavyojibu siku zote. Najua neno hilo unaliandika vizuri, ulifundishwa misheni na mwandiko wako unanitia aibu. Lakini safari hii nataka hali yenyewe. Sababu nitakueleza, ila uniruhusu nizunguke kidogo. Unanifahamu, sijapata kufika mahali kwa njia fupi.

Mimi mwili haujambo. Wameniondoa kwenye kukata mkonge, wakisema mgongo wangu umeanza kubishana na mnyapara. Sasa naanika katani uwanjani pamoja na akina mama, nao wananiita shangazi. Nimezoea. Tunatandaza nyuzi juu ya waya zikauke, wingu likitokea upande wa Usambara tunakimbia kuzikusanya. Tatizo ni kukimbia. Kaptura tuliyopewa na kampuni iliandikwa namba ileile ya mwaka jana, lakini ya mwaka jana niliishikilia kwa kamba isianguke, na ya mwaka huu inanibana mpaka natembea kama jogoo aliyefungwa miguu. Akina mama wanasema mvua ikija shangazi hufika wa mwisho.

Sasa gauni.

Unakumbuka niliahidi gauni zito kwa ajili ya baridi ya kwetu. Nikaenda duka moja hapa Korogwe, kwa Mhindi mmoja mzee. Akaniuliza namba. Nikamwambia mke wangu hana namba, mwenye namba ni mimi.

"Mnene au mwembamba?"

"Wa kiasi."

"Kiasi cha nani, Bwana?"

Hapo nikafanya jambo ambalo usimsimulie mama. Nilisimama katikati ya duka, nikanyoosha mikono nikakumbatia hewa, kwa kadiri ile ninayoikumbuka. Mke wa mwenye duka, mama mpole sana, akaja na futi yake akaipitisha ndani ya mikono yangu, akapima pale ulipokosekana. Watu walicheka. Mmoja akasema, "Mzee, mlegeze kidogo, atashindwa kupumua!" Lakini gauni likapatikana, nami nikatoka kifua mbele.

Ukaniandikia kwamba limekuzidi kidogo, umelifunga kwa mkanda. Nikarudi dukani na hasira zangu. Yule mzee hakugomba. Alichukua magauni matatu yenye namba moja akayalaza mezani, moja juu ya jingine, na kila moja lilikuwa na mwili wake.

"Hili la Bombay, hili la Japani, hili sijui la wapi," akasema. "Kila nchi ina mtu wake, Bwana. Mtu wa Njombe bado hajashonewa."

Nikaona kweli, na nikaona kosa si langu. Unajua jinsi ninavyopenda kosa lisiwe langu.

Baadaye tukatumwa Handeni kuswaga ng'ombe wa nyama ya kambi. Katika duka la pale nikakuta gauni la buluu, namba yake kubwa kuliko ya lile la kwanza, mwili wake mdogo. Nikaligeuza na kuligeuza mpaka nikajiona mwendawazimu. Mzee wa Kimaasai aliyetuuzia ng'ombe alikuwa amesimama mlangoni akinitazama. Akasema, "Kwa nini mnatafuta nguo yenye mikono? Shuka haimkatai mtu." Nikamjibu kwamba kwetu baridi huingia ndani ya shuka bila kupiga hodi. Nikalinunua lile la buluu, nikampa Gasto akuletee.

Gasto umemwona sasa, yule Mngoni mwenye sauti ya ngoma. Alikuwa akienda kwao Songea kwa likizo, na njia yake inapita mlangoni petu. Ni mtani wangu, na utani wake haujui pumziko. Tangu tufike shamba hili hajaniita kwa jina. Mimi ni "Mbena wangu", kana kwamba babu yake alimwachia urithi wa mateka wa vita, nami ni mmoja wao. Nami humwita mwizi wa ng'ombe. Ndivyo tunavyoamkiana, na siku asiponitukana nadhani anaumwa.

Pamoja na gauni nilikuagiza kwamba likikataa na hili, ujipime kwa kamba, ufunge fundo la kiuno, fundo la kifua na fundo la urefu, nimpelekee fundi wa hapa akushonee moja kwa moja. Nilichoka na nchi za watu.

Basi Gasto akarudi. Tulikuwa tumekaa kwenye ugali, watu wengi, nikamuuliza, "Gauni je?"

"Gauni zuri sana. Limetundikwa mtini."

"Mti gani?"

"Mkeo! Mbena wangu, umeoa nini wewe? Umeoa kijiti cha kuanikia nguo! Rudi ukadai ng'ombe zako kabla upepo haujamchukua."

Kambi nzima ilicheka, na aliyecheka zaidi ni mimi. Nikamwambia, "Ninyi Wangoni mwanamke asiyeweza kumbeba ng'ombe wa wizi mgongoni mnasema amekonda." Wakapiga makofi. Gasto akanitazama, akanipa kamba yako, akaondoka kwenda kuosha sahani yake. Niliona kwamba hakucheka. Nikadhani nimemshinda.

Nikanunua kitambaa kizuri, cha rangi ya kahawia, nikakipeleka na kamba kwa fundi Shemboza. Ni Msambaa wa Kwashemshi, cherehani yake iko barazani karibu na stesheni. Akaikunjua kamba mezani.

"Fundo la kwanza?"

"Kiuno."

"La pili?"

"Kifua."

"Na hili la mwisho ndio urefu." Akapima. Akapima tena. "Baba Sara, umeniletea watu wawili. Urefu ni wa mama mtu mzima. Kiuno ni cha binti ambaye hajavunja ungo."

Nikacheka. Nikamwambia kamba imelowa njiani. "Mimi ni mtu wa katani, fundi. Kamba ikilowa hujivuta."

"Ikijivuta hujivuta yote," akasema. "Mbona urefu haukujivuta?"

Mama Sara, niliinama nikayakagua mafundo yako, moja baada ya jingine.

"Mkeo mzima?" akaniuliza.

"Mzima. Anaandika mwenyewe."

Mkasi ulikuwa mkononi mwake, akauweka chini. Akakikunja kitambaa taratibu, akanirudishia pamoja na kamba. "Kamuulize aliyeileta."

Nikamkuta Gasto kwenye banda la brashi, wanakosafishia nyuzi, vumbi la katani limemjaa nyusi. Nikamuuliza, mke wangu yukoje. Akafuta uso, akasema, "Luka."

Gasto kuniita kwa jina langu!

"Nilikwambia," akasema.

"Ulikuwa unatania."

"Shemeji alinishika mkono. Akaniapisha. Akasema usimwambie, atavunja mkataba arudi mikono mitupu. Nikaapa kwamba sitakuambia kwa mdomo wa kweli. Nikakuambia kwa mdomo wa utani, maana neno la mtani halishtakiwi. Nilijua utashika. Lakini ukacheka, Luka. Ukanijibu vizuri mno, nikakosa pa kuendelea."

Kisha akanieleza. Kwamba unakohoa mpaka unaushika mwimo wa mlango. Kwamba Sara ndiye anayechota maji na ndiye anayelima. Kwamba ulipolivaa gauni la buluu ili aje anisimulie, ulilikamata kwa nyuma kwa mkono mmoja asione linavyopwaya, na ukatabasamu muda wote, na alipoaga hukuweza kumpungia mkono maana mkono mmoja ulikuwa na gauni, na wa pili ulishika mwimo.

Mke wangu, nimegombana na Bombay na Japani. Nimemsema mzee wa watu dukani, nimesema namba zinadanganya, na kweli zinadanganya, lakini nilizifurahia kwa sababu zilinipa mahali pa kutazama. Ile mikono yangu dukani haikukosea. Ilimkumbatia mtu niliyemwacha nyumbani, na mtu huyo amekuwa akipungua barua baada ya barua, naye anaandika "mzima".

Sikulaumu. Nimeitazama kamba yako jioni hizi mbili tatu. Ungeweza kuyasogeza mafundo, nani angejua? Hukuyasogeza. Hata barua zako ziliponificha, mafundo yako hayakunificha, na ninashukuru.

Sasa nisikilize, na hapa sitanii. Barua hii inakuja na dereva wa lori anayeondoka leo, kwa hiyo itanitangulia. Usinisubiri. Siku utakapoisoma, mtume Sara kwa kaka yako Enoki, akutafutie watu wa machela, wakupeleke hospitali ya misheni. Ukisema unaweza kutembea, nimewakataza wasikusikilize. Waambie waganga tangu lini unakohoa, uwaambie ukweli, hao si mume wa kufichwa.

Mimi ninakuja. Nilipokwenda kuomba ruhusa, mnyapara mkuu alinikatalia, mkataba haujaisha. Nikarudi kambini. Gasto akavaa shati lake la Jumapili, ambalo nalo halimwenei, akaenda kwa mnyapara peke yake. Sikuwapo, lakini waliokuwapo wanasema alisimama pale akanitaja kwa jina langu na jina la baba yangu, akaniombea kama anavyoombewa ndugu wa tumbo moja, na sauti yake ile ya ngoma haikusikika hata nje ya mlango. Wamekubali nikimaliza kipande hiki, kadi ya siku zangu za kazi, niende. Siku zilizobaki si nyingi. Lori hupita Handeni, halafu Morogoro, kisha ni kupanda tu mpaka kwetu.

Nilipomshukuru Gasto, alinijibu kwamba Mbena akifa yeye ndiye mtani wa kumzika, na hataki kazi mwaka huu. Alijaribu kucheka.

Mpe mama shikamoo yangu, umwambie viazi vyake namkumbuka navyo. Mpe salamu kaka Enoki, umwambie yale maneno yetu ya ng'ombe wake mweusi hatujayamaliza. Mwalimu wa kanisa mwambie aniweke kwenye sala zake, hata kama siku zile nilikuwa nasinzia kwenye mahubiri. Na Sara, mwanangu, mwambie baba yake anajua ni nani anayeubeba mtungi, na kwamba mgongo mbovu unakuja kumpokea.

Kitambaa nimekirudisha kwa fundi Shemboza. Aliniuliza swali moja: "Nikate kwa kamba, au kwa mama unayemkumbuka?" Nilikaa muda mrefu kwenye benchi lake. Watu wakaja wakachukua suruali zao, wakaondoka. Mwisho nikamwambia akate kwa kamba. Baridi ya kwetu haitasubiri unenepe, na umeshavaa vya kutosha nguo za watu wengine. Hili litakukaa wewe, kama ulivyo leo.

Lakini ndani ya mishono ameacha kitambaa kingi, pande zote mbili. Amekikunja na kukishikiza kwa uzi mwepesi unaofumuka kwa ukucha. Hakutaka hata nimwombe.

Kula, Mama Sara. Hata kama hakipiti, kula. Nataka nilifumue mimi.

Mumeo,
Luka, Baba Sara