Aliyeokota Koleo Alikuwa Tonton Hamadi

Bruksel, Jumanne

Baba mpendwa,

Kabla sijakusalimu nataka kukiri jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwezi uliopita niliandika uongo kwa mashine ya kuandikia, nikijua kabisa kwamba ni uongo, kwa sababu niliona haya kumpinga mtu mzima. Wote hapa nyumbani wanadhani niliandika tu bila kufikiri. Nilifikiri. Nilijua.

Sasa jambo, Baba. Jambo, Mama. Mko wazima? Mgongo wa Mama umepona, au bado anabeba maji mwenyewe? Na wanafunzi wako, bado mnakaa watano kwenye benchi moja? Sisi tuko wazima. Baridi imeanza na mvua haina haraka kama ya Bukavu, inanyesha kutwa nzima bila kusema kitu. Shuleni naendelea vizuri, ila bado wananiita bibi wa maktaba.

Tonton Hamadi, mume wa dada yako Odette, wewe unamjua kwa picha ya harusi tu. Ni Mkomoro. Ujanani, visiwa vyao vilipokuwa bado chini ya Ufaransa, alikuwa baharia kwenye meli ya vita inayobeba ndege. Anasema juu yake ni kama uwanja wa ndege uliokatwa na kuwekwa baharini, na chini wanaishi watu wengi kuliko parokia yetu nzima. Wazee waliotumikia meli hiyo na ambao sasa wanakaa hapa Bruksel hukutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, katika mkahawa mmoja karibu na Flagey. Wote ni Wafaransa, Tonton peke yake ndiye mweusi. Wao wanakunywa bia, yeye kahawa.

Mwaka huu waliamua kutengeneza kijitabu cha kumbukumbu zao. Tonton akawaambia, "Nina mtoto nyumbani, Kifaransa chake kinashinda chenu." Basi nikawa nakwenda na daftari, nakaa mwisho wa meza, naandika wanayosema, halafu napiga mashine nyumbani.

Nilipenda sana, sitakuficha. Walisimulia joto la chumba cha kuokea mikate, na jinsi kitanda kilivyoruka kila ndege ilipotua juu ya vichwa vyao. Nilichopenda zaidi ni matembezi ya asubuhi. Kabla ndege hazijaruka, mabaharia hujipanga mstari mmoja kutoka ukingo mpaka ukingo, bega kwa bega, macho chini, na kutembea polepole sitaha nzima wakiokota kila kitu: msumari, kipande cha waya, kifungo cha shati. Injini ya ndege inavuta hewa kwa nguvu. Ikimeza kifungo tu inaweza kuharibika, na rubani akafa. Afisa na mwosha vyombo wanatembea mstari huo huo. Tonton aliniambia kwamba pale, na pale tu, hakuna aliyemkumbusha anatoka wapi.

Siku moja matembezi yalikuwa yamekwisha na ndege ya kwanza imefungwa kwenye mtambo tayari kurushwa, injini inanguruma. Tonton akaona koleo la kubania waya karibu na gurudumu, fundi alikuwa amelisahau. Alipishanisha mikono juu ya kichwa, ndiyo ishara ya kusimamisha, akakimbia akaingia chini ya ndege akalitoa. Moshi wa injini ulimchoma mkono. Kovu linatoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kifundo, naliona kila jioni anapoosha vyombo.

Basi mwezi uliopita mwenyekiti wao, Monsieur Lucien, aliniambia, "Andika, mtoto," akasimulia kisa hicho hicho kama chake mwenyewe. Eti aliliona koleo, akavua kofia yake, akampungia rubani, ndege ikasimama. Tonton alikuwa amekaa viti viwili kutoka kwake. Nilimtazama. Yeye alikitazama kikombe chake. Nikaandika. Nikapiga mashine, ukurasa wa kumi na tisa, bila kosa hata moja la herufi.

Tantine Odette aliukuta mezani jikoni.

"Furaha! Ni nini hii? Mukono ya nani iliungua, ya Lucien?"

"Ndivyo alivyosema, Tantine."

"Alisema! Na weye unaandika tu, kama machine. Hamadi, kuya hapa! Bon, na weye ulikuwa wapi pale? Ulikuwa unalala?"

"Nilikuwa nakunywa kahawa," Tonton akajibu. "Yule mzee amesimulia hivyo miaka mingi, sasa anaamini mwenyewe. Nifanye nini? Nimvue nguo mbele ya watu?"

"Ndiyo, umuvue! Ata suruali!"

Tonton alicheka. Mimi sikuweza kucheka. Nililisoma daftari langu lote tena, na nikakuta kitu. Monsieur Fernand, aliyekuwa fundi wa injini, aliwahi kunieleza kwamba ndege zikiruka hakuna mtu anayevaa kofia ya kawaida juu ya sitaha, kwa sababu upepo ukiichukua inaingia kwenye injini. Baharia wa sitahani hawezi kukosea hapo. Ni kama Mama asahau chumvi ni nini.

Jumamosi iliyopita nilikwenda na karatasi zangu. Sentensi nilikuwa nimeiandika kiganjani kwa kalamu, jasho likaifuta nusu. Nikasema, "Monsieur, ukurasa wa kumi na tisa. Ile kofia, uliivaa sitahani?"

Mara Monsieur Fernand akacheka mpaka akakohoa. "Kofia! Lucien, injini ungeiua wewe mwenyewe! Si ulikuwa chini na mikate yako?"

"Alikuwa Tonton Hamadi," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo kama ya mbu.

Tonton alikunja mkono wa shati.

Na Monsieur Fernand akasema, huku akijipangusa machozi ya kicheko, "Ndiyo, ndiyo, alikuwa Hamadi. Sote tunajua."

Sote tunajua! Baba, walijua. Walikaa meza moja naye miaka yote hiyo, wakamsikia Lucien, na wakajua. Mimi nilikuja na moyo unanidunda kuwafunulia siri, kumbe ilikuwa siri kwa daftari langu tu. Halafu wakapiga kura kwa mikono. Unadhani waliamua kuandika ukweli? Waliamua kisa kiondolewe, ili pasiwe na ugomvi, maana kijitabu ni cha kufurahisha wajukuu. Wakaagiza bia nyingine. Mmoja akampiga Tonton begani: "Hamadi hana kinyongo, sivyo? Hamadi ni muungwana."

Nimekasirika jinsi ambavyo sijawahi kukasirika. Kisa kilipokuwa cha Lucien kilistahili ukurasa mzima. Kilipokuwa cha Tonton hakikupata hata mstari. Na uungwana wake, ambao ungewatia aibu, wao wanautumia kama kitambaa cha kufutia meza. Nakasirika na mimi mwenyewe pia, kwa sababu wao walinyamaza tu, lakini mimi niliandika.

Kwenye tramu nilimwuliza, "Tonton, wewe huna hasira?"

"Nilikuwa nazo. Zilinichosha, nikaziacha." Vituo viwili vikapita. "Lakini ile kofia, mwanangu, ulinifurahisha sana."

Jumapili niliandika ukurasa mpya, nikampa asome. Alichukua penseli. Pale nilipoandika alikimbia, akaongeza "ameinama", maana ukikimbia wima pale unakufa. Neno "shujaa" akalifuta. Halafu akanirudishia karatasi akasema, "Sasa ni sawa."

Baba, Papa Dieudonné wa kanisani kwetu anasafiri kesho na ndiye atakayewaletea barua hii, basi wacha nitoe salamu kabla karatasi haijaisha. Nisalimie nyanya, mama yako, na umwambie blanketi lake ndilo ninalojifunika. Nisalimie kaka yangu mkubwa Pascal na mke wake, na mdogo wangu Neema, asiguse vitabu vyangu. Nisalimie mama mkubwa wa Kadutu, na mama yangu wa ubatizo. Tantine anawasalimu nyote, Tonton pia.

Nilichofanya jana ni hiki. Baada ya shule nilikwenda kwenye duka la fotokopi katika Galerie d'Ixelles na kijitabu chote. Kisa cha Monsieur Lucien nilikitoa, kama walivyoamua. Mahali pake niliweka ukurasa wa Tonton, na chini yake niliandika jina langu kamili, ili asilaumiwe yeye. Nilitoa nakala arobaini. Sanduku nililipeleka kwa Monsieur Fernand, anayezigawa, nikamwonyesha ukurasa huo. Aliusoma, akaliweka sanduku ndani. Nakala moja nilibaki nayo, nikapanda tramu mpaka Laeken, nyumbani kwa Monsieur Lucien, nikapiga kengele. Alifungua mwenyewe, amevaa ndara. Nikamwambia, "Ukurasa wa kumi na tisa nimeubadilisha. Nimeona afadhali usisikie habari hii kwa watu." Alisoma palepale mlangoni, na mimi nikasubiri kwenye ngazi mpaka alipofika kwenye jina langu.

Binti yenu,
Furaha