Niliuliza Mji, Wakanijibu Boma

Lodwar, Jumatano, Februari 1997

Upepo unavuma tangu asubuhi na mchanga umeingia hata ndani ya sukari. Siku nyingine ningelalamika. Leo nimekunywa chai na mchanga wake, nikaramba midomo. Sijafukuzwa!

Naandika tena nisadiki: sijafukuzwa chuo.

Haya yote niliyaanza mwenyewe, kwa kiherehere changu. Huu ni mwaka wangu wa pili nasomea mipango miji Nairobi, shahada ya uzamili, na darasa zima Mturkana ni mimi peke yangu. Basi nikajiona bingwa. Wenzangu walipochagua mitaa ya Nairobi, mimi nikasema tasnifu yangu itahusu Kakuma, namna ule mji mdogo na kambi ya wakimbizi iliyo kando yake vinavyoweza kupangwa kwa pamoja. Mkalimani wa nini? Wale ni watu wangu.

Maswali niliyaandika kwa Kiingereza, kisha nikayatafsiri mwenyewe kwa Kiswahili nikiwa maktabani, na kila penye habari za maduka na barabara nikaweka neno "mji".

Mji! Huku kwetu ukimwambia mtu "mji wako" anaelewa boma lake, yaani wake zake, watoto wake, mbuzi wake na ua wa miiba. Penye maduka na barabara tunapaita taun. Hata nyanya yangu asiyejua Kiswahili husema taun. Na mimi nimezaliwa hapa hapa Lodwar. Nilipowauliza wazee kwa Kiturkana, nilitamka kwa mdomo wangu huu "awi", yaani boma, wala sikushtuka. Wiki tatu nzima!

Karatasi zikajaa maajabu. Mzee Lokwang, mwenye ngamia ng'ambo ya laga, ule mto mkavu wa Kakuma, nilimwuliza mji wake una shida gani. Aliniangalia kwa huruma, akasema, "Bibi ya kwanza na ya pili hawasikizani." Na angependa mji wake upangwe vipi? "Mlango iangalie jua ikitoka. Mbuzi ndogo zilale mbali na fisi." Nami naandika tu, kichwa chini, nikidhani wazee wanapenda mafumbo.

Aliyenifumbua macho ni mama. Juzi Jumatatu nilimsomea majibu yale naye akisuka kikapu, akacheka mpaka sindano ikamponyoka. "Nakiru, wewe umeuliza watu mambo ya awi! Nani alikutuma uchungulie boma za watu?"

Sikucheka. Daktari, msimamizi wangu wa chuo, alikuwa anakuja leo kukagua kazi. Barua ya idara nayo haikuficha kitu: nisipokuwa na majibu yanayofaa muhula huu, jina langu linaondolewa. Nilishaongezewa muda mara moja nilipougua malaria.

Sasa niungame.

Jana mchana nilichukua penseli na kifutio, nikaanza kuwarekebisha watu. Mzee Lokwang nikamfutia wake zake wawili, nikamwekea uhaba wa maji. Jirani yake nikamfutia fisi, nikamwekea barabara mbovu. Karatasi ya tatu ilikuwa ya Mama Achol.

Mama Achol ni Mdinka kutoka kusini mwa Sudan, anauza chai katika soko la kambi. Yeye "mji wako" hakulisikia kama boma, wala kama Kakuma, bali kule kwao alikokimbia. Nilipomwuliza mji wake una shida gani, aliacha kumimina chai. "Mji yangu? Shida yake ni moja tu, binti yangu. Sisi hatuko."

Nikaandika, nikaenda swali linalofuata. Hata pole sikumpa. Na jana nikalifuta jibu lake, nikaandika juu yake: ukosefu wa mifereji ya maji taka.

Hapo nikaweka penseli chini. Si kwamba mimi ni mwema sana, niliona haya tu. Nikazirudisha karatasi zote kwenye faili, hata hizo tatu, nikajiambia liwalo na liwe.

Leo Daktari akashuka na ndege ndogo, tukakaa hotelini na samaki wa Kalokol mezani. Ni mtu wa Pwani, hapandishi sauti kamwe, na ndiyo maana tunamwogopa. Alisoma karatasi moja moja. Bibi wawili, fisi, mlango, mbuzi. Nikangoja anicheke. Akafika kwa Mama Achol, akaiinamisha ile karatasi kwenye mwanga wa dirisha.

"Hapa pamefutwa."

Nikasema yote. Neno mji, kifutio, mama na kikapu chake, yote kwa pumzi moja. Akauliza jambo moja tu: palikuwa pameandikwa nini? Sikuhitaji kukumbuka, maana maneno yale hayakuwa yamenitoka tangu jana. Niliyasema kama alivyoyasema mwenyewe, na ile "mji yangu" yake.

Daktari akavua miwani. Akasema, "Kwetu mji ni mji. Maswali yako niliyapitisha mimi, na sikukuuliza kwenu mji ni nini. Tumekosa sote wawili."

Nilidhani sikusikia vizuri. Amenipa muda hadi mwisho wa muhula nirudi Kakuma nikaulize upya. Na karatasi za kwanza nisizitupe, akasema, ziwe sura ya kwanza, watu wanavyopanga pao wakiachwa wapange wenyewe. Ila kuhusu zile tatu alikuwa mkali. Akiniona tena na kifutio, barua ya kunifukuza ataiandika yeye. Kisha akanipa kalamu yake ya wino. "Rudisha maneno ya watu."

Nilipofika nyumbani mama aliniuliza kama Daktari naye sasa anazijua habari za wake wa Lokwang. Nimecheka mpaka machozi. Nimekula ugali wa watu wawili. Asante Mungu.

Maneno nimeyarudisha. Ya Lokwang, ya jirani yake. Ya Mama Achol nimeyaandika mwisho, taratibu, juu ya pale karatasi ilipochubuka: Sisi hatuko.

Keshokutwa naondoka na msafara wa malori kwenda Kakuma. Safari hii nitauliza taun. Kwa Lokwang itakuwa rahisi, atanitania kisha atanipa maziwa. Lakini kwa Mama Achol nitaanzia wapi? Nitamwulizaje angependa Kakuma ipangwe vipi, bila yeye kuona namwambia asahau kule kwao?

Nitaanza na pole niliyomnyima. Kisha nitaagiza chai, nikae, na maswali yasubiri.