Mochi nzima ya mzee Kuwabara

Shoga Fusae, uko? Weka chai chini usome.

Leo si uongo wangu. Hii si kama ile ya paka aliyepanda treni hadi Kyoto. Naapa.

Tulikuwa bustanini tunawagawia wasio na makazi supu ya mwaka mpya. Hirose, kiongozi wetu, alisema wazi: mochi, zile keki za mchele zinazonata kama gundi, zikatwe vipande kama ukucha, wazee hawa hawana meno. Kisu akanikabidhi mimi.

Mzee Kuwabara akaninyooshea bakuli. "Dada, miaka sita mnanikatia kama mtoto mchanga. Leo nipe nzima."

Nikampa nzima, Fusae. Mimi! Kwa mikono yangu!

Akatafuna, akatabasamu. Kisha kimya. Macho yakamtoka, midomo ikabadilika rangi.

Nikapiga kelele, "Mochi imemkaba! Jamani, anakufa!"

Wenzangu wa kugawa wakacheka. "Haya, Bibi Inaba kaanza vituko vyake!" Walicheka, Fusae, na mtu anakufa mbele yangu!

Nikamwinamisha mwenyewe, nikampiga mgongoni. Mara tano, hola. Ndipo Hirose akamwona uso, akaja mbio, akampiga kwa nguvu zake zote. Bonge likatoka likatua kwenye kiatu changu.

Mzee akavuta pumzi, inakwaruza kama mlango mbovu. Unajua alisema nini? Aliniinamia mpaka kiunoni. "Samahani sana, dada. Nimekuharibia sikukuu."

Yeye ananiomba radhi mimi!

Kwa aibu nimejifungia chooni hapa bustanini. Nje wananiita nirudi kugawa, na kisu cha kukatia mochi bado ninacho mimi.