Vichwa kwenye sahani ya Saidi

Dada Zaina, amahoro.

Mwanangu Saidi amenitoa kwake Ubelgiji akanileta kwenye kisiwa cha Wagiriki, eti nione maajabu. Maajabu yenyewe ni mulima wenye shimo, unatoa moshi unaonuka mayai yaliyooza. Wazungu wanashuka humo na kofia zao wanapiga picha. Pale kwetu Mugara maji yanatoka chini yakiwa ya moto, na sisi tunaogea tu! Na kimya iko hapa! Paka ni wengi kuliko watoto, hakuna hata mutu wa kugombana naye.

Mchana wakatuletea visamaki kama ndagala, vimepangwa na limau kama mapambo ya bibi harusi. Mawese hawayajui. Mimi nikala vyangu vizima. Saidi, niliyemukuza kwa ndagala, akakata vichwa kwa kisu, kimoja kimoja, akavisukuma pembeni. Halafu akasema, "Mama, uhamie kwangu moja kwa moja, upumzike." Nikavitazama vile vichwa, nikavivuta kwangu nikavila.

Nakukumbuka sana, dada. Nisalimie watu wote wa Rumonge, na usimpe mutu kichanja changu cha kuanikia ndagala.

Mudogo wako, Hadija