Tope Alilolipaka Wifi Yako

Nyumba ya Tatu kutoka Kona,
Mtaa wa Nyuma ya Gereji.
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa tatu.

Mpendwa dada yangu,

Nakuamkia kwa heshima zote, wewe na shemeji na wapwa zangu. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia linagoma kupanda ngazi, nami nikakutania kwamba goti hilo lilianza uvivu zamani, tangu siku za zamu yako ya kufagia ua. Natumaini limepata nafuu na mkongojo umeutupa. Shemeji naye mwambie kikohozi cha miezi miwili si cha kujivunia, aende hospitali.

Mimi mwili hauna neno. Jicho la kulia walilolitoa mtoto wa jicho linaona vizuri, vizuri kuliko ninavyotaka. Lakini sijambo ya mdomoni haifiki moyoni, dada. Leo ni wiki ya tano tangu tumzike wifi yako, na bado nikitaka kuweka dawa ya jicho namwita aje anidondoshee.

Najua hukuweza kuja. Goti lile na safari ya siku mbili haviendani, na sina kinyongo hata chembe. Sauti yako kwenye simu siku ya mazishi ndiyo iliyonizuia nisianguke mbele za watu.

Lipo jambo sikukueleza siku ile, na nina swali ambalo ni wewe peke yako unayeweza kulijibu. Wewe na wifi yako mlizungumza kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Jumapili ya mwisho, siku mbili kabla hajafa, mlizungumza karibu saa nzima. Nilimwona uani amekalia ndoo aliyoipindua, simu sikioni, kanipa mgongo. Nataka kujua alikwambia nini juu yangu. Ningeweza kukupigia, lakini kwenye simu ningekusikia ukivuta pumzi kabla ya kujibu. Ndiyo maana naandika. Na kwanza nikueleze nilichomfanyia, ili usinijibu kwa huruma.

Kichaa changu cha magari ya kijeshi unakijua, maana ulikuwepo kilipoanza. Wewe ndiye uliyeniletea sanduku la kwanza nilipovunjika mguu, kifaru cha vipande mia moja na arobaini, nikakiunganisha kitandani, gundi nusu kwenye kifaru na nusu kwenye shuka. Mama alitaka kututandika wote wawili. Ukubwani nikayarudia, na sasa ni miaka arobaini na moja, magari sitini na manne: vifaru, malori, magari ya deraya, pikipiki zenye kigari cha pembeni. Yote ni ya kipimo kimoja, moja kwa thelathini na tano, yaani lori zima linakaa kwenye kiganja.

Wifi yako aliyaita wake wenza. Mwaka wa tatu wa ndoa yetu yalimpora kabati la vyombo, lile la vioo la sebuleni, na sahani zake zikahamia kwenye maboksi chini ya kitanda. Wageni wakija aliwaambia, "Kaeni tu, msiogope. Mume wangu ana jeshi zima, ila panya akitokea namfukuza mimi." Nilicheka kila mara, na kila mara kabati nililifunga kwa ufunguo.

Kazini, kama unavyojua, nilikuwa fundi wa kupaka rangi magari. Gari linaingia limekwaruzwa, linatoka linang'aa mpaka mwenyewe anachana nywele kwa kujitazama mlangoni. Labda ndiyo sababu nyumbani nilipenda uchafu. Gari la vita linalong'aa ni kitu cha dukani. Lenye tope ndilo lililokwenda mahali. Kwa hiyo kila gari, nikishalipaka rangi, naanza kulichafua. Tope langu ni udongo niliouchekecha kwa soksi ya nailoni, chaki ya kahawia iliyosagwa, na tone la gundi ya maji. Kutu naitoa kwenye steelwaya ya kusugulia sufuria niliyoiloweka kwenye siki. Kifaru kimoja kinaweza kukaa mezani miezi minne kwa ajili ya tope la minyororo tu. Watu husema usione vyaelea, vimeundwa. Vyangu, usione vimechakaa, vimechakazwa.

Sasa sikiliza kosa langu, maana la wifi yako utalisikia baadaye na utadhani ndilo kubwa. Wifi yako alikuwa na pumu. Harufu ya rangi ilimbana kifua, kwa hiyo tangu mwanzo nilifanyia kazi zangu chumba cha nyuma, mlango umefungwa na tambara limezibwa chini yake. Mwanzoni nilifunga kwa kumpenda. Baadaye nilifunga kwa mazoea, na mwisho, niseme kweli, kwa raha zangu. Tope halina harufu, dada. Siku za tope angeweza kukaa nami kutwa nzima, na sikumwita. Chama chetu cha watengeneza magari haya kina wazee sita. Daktari wa meno nimemweleza tope langu mara mia, na yule tunayemwita Bwana Kipimo, anayetembea na rula mfukoni, nimemchosha kwa hadithi hiyohiyo. Mke niliyeishi naye miaka thelathini na minane sikumweleza hata siku moja. Yeye aliyaona magari kupitia kioo, akajua ni machafu.

Mwezi wa kwanza nililazwa siku nne kwa ajili ya jicho. Maktaba ilikuwa imekipa chama chetu ukumbi wa kufanyia maonyesho, mara ya kwanza tangu tuungane, meza moja kwa kila mzee. Ufunguo wa kabati niliusahau kwenye suruali niliyovua nyumbani. Wifi yako akapiga hesabu zake: huyu mzee miaka miwili sasa haoni vizuri, ndiyo maana wake zake wamejaa uchafu, na sasa anataka kuwapeleka mbele za watu hivyohivyo. Akachukua beseni, maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki. Aliyaosha siku zote nne, moja moja, mpaka katikati ya minyororo, na mgongo wake ule. Hakuvunja hata taa moja. Mimi mwenyewe kila nikiyahamisha lazima nivunje kitu.

Alitaka jicho langu likifunguliwa, kitu cha kwanza kukiona kiwe hicho. Aliniketisha mbele ya kabati, akanivua kile kikombe cha plastiki walichonifunika jichoni, akasema, "Haya, tazama wake wenzangu walivyooga."

Nikatazama. Yote yaling'aa. Nilichomwambia nakiandika kama kilivyotoka, maana sijamwambia mtu mwingine. Nilisema, "Heri ningebaki kipofu kuliko kuona ulichofanya. Umenifutia maisha yangu kwa sabuni ya vyombo."

Alisema, "Mimi nilidhani ni uchafu." Kisha akaenda jikoni kukung'uta mswaki.

Ulimi hauna mfupa, lakini wangu ulivunja siku ile. Siku kumi na tisa zilizofuata tulizungumza habari za dawa na chumvi ya mchuzi tu. Mara nne kwa siku alikuja kunidondoshea matone, mkono umetulia, akayahesabu kwa sauti, akaondoka. Mara nne kwa siku uso wake ulikuwa juu ya uso wangu, na ningeweza kusema nisamehe. Ukweli ni kwamba nilikuwa nangoja yeye ndiye aniombe radhi.

Jumanne asubuhi pumu ilimbana jikoni. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma, mlango umefungwa, feni inavuma, narudishia tope kifaru cha kwanza. Nilitoka saa saba kuuliza chakula. Daktari wa hospitali alisema pumu ya namna ile ingeweza kumshinda hata aliyeko wodini. Alisema kwa wema, nikamshukuru. Lakini dawa yake ya kuvuta ilikuwa juu ya friji, na kutoka chumba changu hadi friji ni hatua kumi na mbili. Nimezihesabu.

Msibani watu walikuwa wema. Bwana Kipimo alilia kuliko mimi, kisha akashindwa kujizuia, akaniuliza kabati lile lina upana gani. Nilitaka kucheka, nikageuka kumtafuta wifi yako nimsimulie.

Juzi Alhamisi binti yetu alikuja kupanga nguo za mama yake. Kwenye droo ya cherehani, chini ya vitambaa, alikuta kitu kimeviringishwa kwenye leso. Lilikuwa lori langu la kubebea maji, la kumi na saba kulitengeneza. Mimi ninayejidai nayajua yote sikuwa nimegundua kwamba halipo kabatini.

Limepakwa tope. Ni udongo wa kwenye chungu cha maua, umekandwa kwa uji wa ngano na kupakwa kwa kijiti. Tope liko juu ya paa. Liko kwenye kioo cha mbele, ambapo dereva asingeona njia, na liko usoni mwa dereva mwenyewe. Magurudumu, ambako tope huanzia, aliyaacha safi kabisa. Upande mmoja aliukwangua akaanza upya, na alama ya ukucha wake imebaki pale.

Nilimpigia daktari wa meno, akakiri. Wiki moja baada ya ugomvi wetu wifi yako alikwenda kwenye kliniki yake, akapanga foleni na wenye meno yanayouma, zamu yake ilipofika akapanda kwenye kiti na kumwambia, "Meno yangu mazima. Nifundishe tope." Akamwonyesha kwa dakika kumi, kati ya wagonjwa wawili, kisha akamshauri aniulize mimi mwenyewe. Wifi yako akamjibu, "Yule mlango wake umefungwa."

Hapa ndipo ninapokwama. Binti yetu analia na kuniambia, "Baba, si unaona alishakusamehe?" Mimi sioni, dada. Nimelitazama lori lile tangu Alhamisi kwa jicho nililotibiwa. Mtu anaweza kupaka tope lile kwa sababu amesamehe na anataka kumfurahisha mzee wake. Na anaweza kulipaka kwa sababu anaishi na mtu mkali, na anatafuta kurekebisha kosa kabla hajagombezwa tena. Mkono ni uleule na tope ni lilelile. Alilificha, na mtu huficha zawadi, lakini huficha pia kitu anachokiogopea. Kama mke wangu alikufa ananiogopa, nataka nijue, hata kama kujua huko kutanimaliza.

Maonyesho ni Jumamosi ijayo. Nilikuwa nimewaambia wenzangu meza yangu waiondoe, sasa nimebadili nia. Nitapeleka lori lile moja tu. Sijarekebisha kitu. Mbele ya kila gari huwekwa kadi yenye aina ya gari, kipimo, na jina la aliyelitengeneza. Nimeandika jina la wifi yako kwa herufi kubwa. Bwana Kipimo amenipigia kusema kanuni haziruhusu asiye mwanachama. Nikamwambia basi anifukuze na mimi. Akasema atanitafutia taa nzuri ya kuweka juu ya meza. Kabla ya kukata akaongeza kwamba, hata hivyo, tope halifiki kwenye paa. Nikamwambia najua.

Binti yetu anakusalimu na anasema atakuletea kile kitambaa cha meza ambacho mama yake alikuwa amekudarizia, kimebakia pindo moja. Nisalimie sana shemeji, na wapwa zangu wote, na yule kitinda mimba wako mwambie mjomba hajasahau kwamba alimwahidi pikipiki yenye kigari cha pembeni. Ninayo, na sitaipaka tope mpaka aje tulipake pamoja, mlango wazi. Mungu akupe goti jepesi na usingizi mzito, na akuhifadhi mpaka tuonane tungali na meno.

Na swali langu usilisahau. Usinipambie maneno kwa kuwa mimi ni mdogo wako na ni mfiwa. Saa nzima ile alisema nini? Kama alilia, niandikie. Kama alicheka, niandikie alichekea nini. Kama hakunitaja kabisa, niandikie hilo pia.

Wako akupendaye, naye angoja,
mdogo wako.