Chembe Ulizoziita Vumbi

Mayu, mama yangu,

Shikamoo huko uliko. Habari za tumbaku usiniulize leo, nakujua.

Asubuhi nimetoka hospitali mjini Tabora na picha ya matiti yangu. Daktari kanionyesha chembe nyeupe za chokaa. Anasema zikitawanyika huku na huku mara nyingi hazina neno. Zangu zimejikusanya mahali pamoja, nyingine kubwa nyingine ndogo. Anataka kuchukua kinyama kipimwe. Mayu, maneno yaleyale uliyoambiwa wewe!

Unaikumbuka siku yako ya upimaji wa bure? Uliitupia picha yako jicho moja, ukacheka kweli. "Vumbi hilo. Mbona siumwi, hata uvimbe sina?" Daktari aliongea haraka, maneno ya kitaalamu, ukanigeukia nikueleze kwa Kinyamwezi. Alisema urudi wiki ileile. Mimi nikakwambia, "Anasema urudi ukipata nafasi." Niliona anakutisha bure, na tumbaku ilikuwa haijapangwa madaraja, soko limekaribia, na Sikonge nzima hakuna aliyepanga kama wewe.

Uvimbe ulipokuja kuonekana, tulikuwa tumechelewa. Nilikuosha, nikakulisha uji, nikakuzika, na mdomo sikuufungua. Nisamehe, Mayu.

Mchana huu nimeitoa picha yako chini ya godoro, nikasimama nayo dirishani, palepale ulipokuwa ukiinua jani mwangani. Jamani, ulivyokuwa mkali! Jani lenye doa kama punje ya ulezi unalitoa pembeni, na aliyelipitisha anakoma: "Macho yako umeyapeleka wapi?"

Chembe zako zimekaa kama zangu. Sijasoma udaktari, lakini nimeziona. Nawe ungeziona siku ile, kama ningekwambia ukweli ukaiinua picha mwangani. Ungesema turudi, tumbaku ingesubiri.

Sindano naiogopa, sikufichi. Hata hivyo kesho naenda. Jioni hii nimemkalisha mjukuu wako, yule uliyempa jina lako, nikamwambia yote aliyosema daktari, neno kwa neno. Amelia sana. Halafu amefuta machozi, akaingia ndani kunipangia nguo za safari.

Lala salama, Mayu.

Kitindamimba wako, niliyekupunguzia maneno.