Ile Laptopu Yako, Baba Shiru

Baba Shiru,

Shiru amelala, ndiyo nimepata nafasi. Ameanza kusimama akishika kitanda, halafu anageuka kuangalia kama nimeona. Ungemwona ungepiga makofi.

Wacha niseme lililonileta kabla moyo haujarudi nyuma. Laptopu yako nimeitoa. Haiko tena nyumbani. Usikasirike, maana mwenye kukasirika hapa ni mimi.

Kiwanda cha Thika kilipowapunguza na kuwapa pesa za kwaheri, mwenzako mmoja alinunua ploti Murera, mwingine ng'ombe wa maziwa. Wewe ulirudi Ruiru umekumbatia mkoba mweusi. "Mama Shiru, hii ndiyo kali kuliko zote! Hata wale wa chuo pale Juja hawana." Ati utazunguka nayo makanisani na kwa vikundi vya akina mama, uwapigie barua chapa pale pale walipo. Nilikuamini. Sikuwa nimekuona na furaha hivyo tangu mtoto azaliwe.

Na ukweli usemwe, akili ilikuwa nayo. Ukiiwasha, kabla sijamaliza kumfunga Shiru mgongoni iko tayari. Lakini mwili! Aliyeitengeneza alimalizia nguvu zote kichwani akasahau miguu. Betri inazima kabla barua haijaisha. Ukitoka nayo juani, kwa kioo huoni kitu ila uso wako. Chini inachoma mapaja mpaka ukaiwekea sinia langu la chai. Pa kuingizia diski palikuja kando, na waya unaolegea ukikohoa tu. Herufi ya a inataka kugongwa mara mbili, na Kiswahili bila a utaandika nini? Na baada ya taabu hiyo yote, karatasi haitoi. Lazima upeleke diski Thika kwa mwenye printa.

Halafu unajua tunakaa kwa nani. Swichi kubwa iko nyumbani kwa mwenye ploti anayetupangisha, na stima anawasha giza likiingia, akijisikia. Mchana soketi za safu yetu yote ya vyumba ni ukuta tu. Kwa hivyo mashine yako ya kutembea ilikaa ikimngoja mzee wa watu amalize kula. Yule muuzaji wa Nairobi ulimuuliza kasi, ukamuuliza nguvu. Betri inakaa muda gani, hukuuliza. Kwani ulidhani tunaishi wapi?

Pole. Nakugombeza na huwezi kunijibu.

Ile Jumapili ya Githurai ndiyo inaniuma zaidi. Ilizima ukiwa mbele ya kanisa zima, mzee mmoja akasema, "Kijana, TV yako imelala." Ulinisimulia ukicheka. Lakini chakula hukugusa, na kifua kilikuwa kimeanza kukubana. Hukutoka nayo tena.

Tulipokuzika, ndugu yako Kamau aliniambia, "Shemeji, hiyo itunze, ni mali ya mtoto." Nikaifunika kwa kitambaa cha kufuma, nikaitunza. Mwisho nikaipeleka kwa fundi. Hakuniangalia hata usoni. "Mama, hii inazeeka hata ikilala. Betri yake haiji huku." Nilisimama pale na mtoto mgongoni, sina kazi, nimeshika mali inayooza.

Basi kuna mama mmoja Juja, karani, kwake stima iko mchana kutwa na printa anayo. Alikuwa na taipureta ya mkono, ile ndogo yenye kasha, haitumii tena. Tukabadilishana. Kabla ya kumpa yako nilitaka kupangusa kioo, nikaona alama za vidole vyako. Sikupangusa. Nilimpa hivyo hivyo nikatoka nje kulia.

Kamau alikuja mbio. "Mama Shiru! Watu wanaenda mbele na kompyuta, wewe unarudi nyuma na chuma?"

Nikamwambia, "Shemeji, hiki chuma hakimwombi mwenye ploti ruhusa."

Aligusa herufi moja kwa kidole. Baadaye, kwa sauti ya chini, akauliza kama naweza kumpigia barua ya kuomba kazi.

Naweza. Mimi wa darasa la nane, naweza, kwa sababu ulinishika vidole ukaniwekea kila kimoja mahali pake. Mambo yako yote ulifanya haraka, isipokuwa kunifundisha.

Hasira bado ninayo, sitakudanganya. Lakini nakuahidi Shiru hatasikia kwangu kwamba baba yake alikuwa mjinga. Nitamwambia uliona kazi kabla stima haijafika.

Jumatatu naenda Murera. Kuna akina mama wanataka sheria za kikundi chao zipigwe chapa, na wamesema watanitolea meza nje, mchana. Kaburini sitafika wiki hii. Ukiona kimya, jua tuko kazini. Lala, mtu wangu.

Ni mimi,
Mama Shiru